Sehemu mpya hazionekani kwenye mfumo halisi

*Chama chetu cha wakulima wa tumbaku kimehamisha kutoka mazingira ya majaribio ya Salesforce sehemu mpya za kujazia daraja na uzito wa mitumba. Kwenye mfumo halisi makarani hawazioni, na orodha ya madaraja ni tupu. Je, kazi imepotea? Mhasibu, Mpanda*

Hakuna kilichopotea. Seti ya mabadiliko, yaani mkusanyo wa mipangilio unaotumwa kutoka mazingira haya hadi yale, hubeba umbo la mfumo na si kumbukumbu zilizomo ndani yake, hivyo madaraja yaliyoingizwa kama kumbukumbu hubaki kwenye mazingira ya majaribio hadi yatolewe kwa faili ya CSV na kuingizwa upya, kabla mazingira hayo hayajahuishwa na kuyafuta. Ruhusa za kuona sehemu nazo hazifuati zenyewe: seti ya ruhusa huongezwa ndani ya seti ileile ya mabadiliko, jambo ambalo hata wazoefu husahau. Seti inayofuata ihakikiwe kwanza bila kusakinishwa, kwa kuwa hakuna kitufe cha kuirudisha nyuma, wala isitumwe siku ya soko, makarani wakiwa mizanini. Mtaalamu atafutwe iwapo kuna msimbo wa Apex, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa mahsusi, ambao mfumo halisi huukataa endapo majaribio yake hayafikii asilimia 75 ya mistari.