Tela la Kikundi: Lichungulieni Uvunguni Kwanza

Wadogo zangu wa Njisi, mnataka tela la pawatila la kutolea mpunga shambani, na mimi nawaunga mkono. Ila hilo jekundu mnalolisifia naomba mlichungulie uvunguni kwanza, maana rangi haibebi gunia.

Ukishaiacha lami ya kwenda Kasumulu, unakutana na udongo wa mfinyanzi, na Mto Songwe ukifurika njia inakuwa jaruba. Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mpunga huanza kuvunwa njia zikiwa bado na tope.

Kwa hiyo anzeni na ekseli. Iwe chuma kizima, kilichonyooka, kisichoungwa katikati kwa kuchomelewa. Inueni tela kwa jeki, mzungushe gurudumu kwa mkono: likicheza au likikwaruza, beringi zimechoka. Ulizeni namba ya beringi hizo, kisha mkazitafute Kyela mjini kabla ya kutoa hela. Tela ambalo beringi yake mpaka iagizwe Dar es Salaam msilichukue hata mkipunguziwa bei, kwani siku likikwama mpunga wenu utalala majini. Tena beringi iliyopata moto ikizama kwenye maji ya baridi huyavuta ndani, grisi ikaharibika. Mkivuka maji yaliyofunika kitovu cha gurudumu, fungueni, safisheni, mtie grisi mpya. Kazi hiyo msimwachie dereva peke yake; mwanakikundi mmoja naye ajifunze.

Tairi ziwe pana, zisizame upesi.

Bodi kubwa mimi siipendi, inakaribisha lumbesa. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na tela lililotengenezwa kwa nusu tani litapinda ekseli tu. Mzigo uegemee mbele ya ekseli kidogo. Ukizidi nyuma, mkono wa tela unainuka na pawatila inakuwa ngumu kuongoza.

Kama mnategemea mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa vikundi vya wanawake kama chenu, hauna riba, lakini marejesho yatadaiwa hata tela likiwa limelala kwa fundi. Basi msilipe kabla hamjalivuta likiwa na magunia, kwenye njia ya shambani kwenu, si kwenye lami. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondokeni na hela yenu.