Tiba ya Maneno na Njia Zake

Ndugu yetu mmoja wa Mombasa, mwenye duka Kangari katika nchi ya chai ya Murang'a, ametuletea suala. Asema kijana anayemfanyia kazi amefiwa na mamake, na tangu hapo hapati usingizi, hana hamu ya chakula, wala hasemi na mtu. Wengine wamesema ni pepo, wengine wamemwambia asubiri tu, na mwalimu mmoja ameshauri apelekwe kwa mshauri nasaha. Ndugu yetu auliza: Je, mazungumzo matupu yaponya? Na mbona washauri hawa kila mmoja ana njia yake?

Twasema: tiba hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliyatenga maradhi ya nafsi na ya mwili katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus. Alieleza kwamba nafsi hutibiwa kwa njia mbili: fikra njema mtu alizojiwekea akiba katika siku za uzima, na maneno ya mwenye kumnasihi. Ama njia za leo, tutazitaja nne.

Ya kwanza ni kusikiliza. Aliyeitengeneza ni Carl Rogers (1902–1987), Mmarekani. Mshauri hahukumu wala haamrishi. Husikiliza kwa huruma ya kweli mpaka mwenye dhiki aione njia mwenyewe. Yamfaa mfiwa asiyepata wa kumlilia. Lakini anayedaiwa kodi ya nyumba hatoshelezwi na kusikilizwa peke yake.

Ya pili ni kupima fikra. Hii ni ya tabibu Aaron Beck (1921–2021), naye wa Marekani. Kijana akisema, "Mama amekufa kwa sababu yangu," mshauri hamkemei, bali humuuliza: Wajuaje? Siku ile ulijua nini, na ungeweza nini? Kisha humpa kazi ndogo ndogo za kufanya nyumbani.

Ya tatu ni kutatua matatizo. Shirika la Afya Duniani limeipanga kwa vikao 5: mtu hufundishwa kutuliza pumzi, huchagua tatizo moja linalotatulika na kulipangia hatua, hurejea shughuli alizoziacha, na hutafuta wa kumsaidia. Ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 wenye dhiki, wengi wao waliopata kudhulumiwa. Walioiendesha hawakuwa matabibu, bali wahudumu wa afya wa mitaani waliofundishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliopata vikao walipungukiwa na dhiki kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ya nne ni ya kikundi. Huko Masaka na Rakai, Uganda, ilijaribiwa katika vijiji 30, na matokeo yakatolewa mwaka 2003. Wanaume mbali na wanawake mbali, walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mageuko ya maisha. Kabla yake watu 86 katika 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Baadaye hawakufika 7. Katika vijiji visivyopata vikao walipungua pia, kutoka 94 hadi kama 55.

Basi ipi bora? Kila moja yatazama upande wake, lakini zote zina shina moja: mtu aaminiwe, asikilizwe kabla ya kuambiwa, na siri yake ihifadhiwe. Wengi wetu huanza na mawaidha, na mwenye kuzama hasomeshwi kuogelea kabla ya kupewa mkono. Kijana huyu yamfaa aanze kusikilizwa; akionekana anajilaumu, fikra zake zipimwe; na akipata kikundi cha waliofiwa, ni kheri. Dua na sala zina mahali pake, wala tiba haizizuii.

Mambo mawili yasisahauliwe. Mshauri aulizwe kama amesajiliwa, kwani Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Na kijana akitaja kujiua, asiachwe peke yake wala kikao kisingojwe: apelekwe hospitali siku ile ile. Si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wabillahi tawfiq.