Kijana anataka Mark X, mjomba anasema IST: mama anunue lipi?

Kijana wangu wa kwanza ametimiza miaka 18, amemaliza kidato cha sita na ameshapata leseni. Nataka kumnunulia gari la mkononi limsaidie kwenda chuo, na Jumamosi anisaidie kuleta mzigo wa duka kutoka Kariakoo. Nimejikusanyia shilingi milioni 12. Yeye anataka Mark X, anasema ni gari zito, litamkinga. Mjomba wake anasisitiza IST yenye namba E kwa kuwa hata kesho inauzika. Dalali naye ananipigia kila siku. Nimsikilize nani? — Mama wa Tabata, Dar es Salaam.

Mama wa Tabata, Mark X achana nayo, na IST usiinunue kwa ajili ya namba yake. Tafuta gari la kawaida lenye injini isiyozidi sisi 1500, ambalo breki, mikanda na mifuko ya hewa yake inafanya kazi, kwa bei isiyopita milioni 9. Milioni 3 zinazobaki ziweke kando kwa ajili ya gari hilo hilo. Naanza na breki kabla ya jina la gari kwa sababu Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha pia kwamba dereva mpya yumo hatarini zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake, na hatari hupanda usiku na gari linapojaa vijana wa rika lake. Ndiyo maana New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua, ikimzuia dereva mpya kuendesha usiku wa manane na kubeba wenzake, na nchi kadhaa zikafuata. Utasema mwanao ni mtulivu, nami sina sababu ya kukukatalia. Ila utulivu haumfundishi mtu gari linavyoteleza kwenye lami yenye mchanga mvua ya kwanza inaponyesha. Hilo hujulikana kwa kuendesha, naye bado hajaendesha.

Hoja ya kijana kuhusu uzito ina ukweli ndani yake. Magari mawili yakigongana, aliyemo kwenye zito huwa na nafuu kuliko aliyemo kwenye jepesi. Lakini tazama kinachokuja pamoja na uzito huo. Mark X za toleo la kwanza, zile za 2004 hadi 2009, nyingi zina injini ya sisi 2500 yenye nguvu za farasi zipatazo 215, na kwa kawaida nguvu hiyo inasukuma magurudumu ya nyuma. IST ya sisi 1300 ina farasi 87 tu. Halafu jiulize kwa nini gari kubwa namna hiyo linapatikana kwa bei ya gari dogo. Linakunywa mafuta, spea zake ni ghali, na wamiliki wengi huliuza baada ya kuahirisha matengenezo kwa muda mrefu. Uzito wenye breki zilizochoka haumkingi mtu. Kama uzito ndio unaowapa hofu, angalieni Premio au Allion ya sisi 1500: ni nzito kuliko IST, na injini yake haina papara.

Mjomba naye nimemwelewa. Namba E maana yake gari limepita kwenye mashimo yetu kwa muda mfupi, na sokoni linakwenda haraka. Lakini herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata yenye namba mpya kabisa ina mpira, mabomba na nyaya za umri ule ule. Pesa ya ziada unayolipia herufi ndiyo ambayo ingenunua tairi nne mpya.

Sasa ukaguzi, na hapa usikubali kuharakishwa. Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na fundi uliyemleta wewe, si wa dalali. Moshi wa bluu unaashiria injini inayochoma oili. Mwambie fundi azungushe swichi bila kuwasha injini, nawe tazama dashibodi: taa ya mfuko wa hewa na ya ABS lazima ziwake, kisha zizimike zenyewe baada ya muda mfupi, au injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu huenda mtu ameing'oa ili usijue. Vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho, ukikuta alama ya tope ujue gari lilizama kwenye mafuriko. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini, mfano 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake ni nzima. Chukua pia namba ya chesisi umuulize wakala wa kampuni iliyotengeneza gari kuhusu mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda yaliitwa kubadilishiwa, kwa kuwa baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya Dar ni joto na unyevu huo huo.

Zile milioni 3 zitakwenda kwenye tairi, breki, oili, kubadilisha umiliki TRA na bima. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako hailigusi, hivyo ulizia bei ya bima kubwa kabla hujanunua. Kadi iandikwe jina lako. Miezi sita ya mwanzo kijana asiendeshe baada ya saa tatu usiku wala asibebe marafiki, na mkubaliane hivyo kabla hajakabidhiwa funguo. Najua atanuna. Dalali akikwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache amuuzie huyo mteja.