Amlipia Mdogo Wake, Lake Hakulitaja

Msomaji mwenye miaka 23, muuzaji wa vitenge katika duka la mtu Kariakoo, ameandika barua ndefu. Kiini chake ni hiki:

“Gego la mwisho linaota, chini upande wa kulia. Wiki ya pili sasa silali. Nimetafuna karafuu, nimesaga aspirini nikapaka kwenye fizi, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo linawaka. Tangu juzi mdomo haufunguki vizuri, ni kijiko cha chai tu kinachopita. Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu kung’olewa jino, nikamlipia. Langu sikulitaja, maana hela ile ilikuwa ya kwake. Nifanye nini maumivu yapungue mpaka mwisho wa mwezi?”

Jibu la swali lake ni fupi: mwisho wa mwezi ni mbali mno. Kwa kawaida mtu mzima huweza kusimamisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Anayepitisha kijiko cha chai tu ana uvimbe au maambukizi yaliyofika kwenye misuli ya taya. Dada huyu anatakiwa kwenye kliniki ya meno leo, au kesho asubuhi ikiwa leo imefungwa. Akipata homa, akashindwa kumeza mate, au uvimbe ukashuka chini ya taya kuelekea shingoni, asingoje asubuhi. Aende hospitali kubwa usiku huohuo, kwa sababu maambukizi ya gego la chini yanaweza kushuka chini ya ulimi na kubana njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo hubeba jina lake. Kabla ya antibayotiki, wengi walioupata walikufa.

Mambo ya nyumbani hayahitaji maneno mengi. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kila baada ya kula. Apige mswaki hata pale panapouma, kwa wepesi. Aspirini kwenye fizi aache kabisa, kwani inaunguza nyama ya kinywa. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kidogo, ila hayatoi chakula na vijidudu vilivyonasa chini ya fizi iliyofunika nusu ya gego, na huko ndiko maumivu yanakoanzia. Diklofenaki inayomchoma tumbo aiache, atumie parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, vikipishana saa 6, visizidi vinane kwa siku. Na antibayotiki asijinunulie dukani. Daktari ndiye wa kuamua.

Sasa neno lenyewe: “Sikulitaja.”

Alikuwa ndani ya kliniki. Daktari wa meno alikuwa mbele yake, na yeye shavu limevimba. Alitoa hela, akapokea risiti, akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka. Hata kuuliza tu hakuuliza. Huyu dada hakukosa daktari, wala hakukosa hela. Alichokosa ni ruhusa ya kujihesabu miongoni mwa watu wanaostahili kutibiwa kwa mshahara wake mwenyewe, na ruhusa hiyo hakuna aliyemnyima ila yeye.

Barua yake inaeleza mengi yaliyokatwa hapa: ada ya mdogo, unga wa nyumbani, mchango wa harusi ya binamu, dawa za presha za mama. Kila mtu ametajwa pamoja na kiasi chake. Katika orodha nzima hakuna shilingi iliyoandikwa kwa jina la anayeitafuta. Nyumba nyingi zina binti wa namna hii, kifungua mimba aliyeanza kupata mshahara mapema. Husifiwa kwa moyo wake mpaka anazoea kuamini kwamba akiumwa atakuwa amewakosea wengine.

Safu hii inamheshimu kwa anavyowatunza wake, lakini kwa ukimya wake inamkemea. Kuwaficha ndugu maumivu si kuwahurumia. Mama yake hajui kitu, na mama asiyejua hawezi kusema, “Mwanangu, mwezi huu usitume.” Kwa kunyamaza, binti amewanyima watu wake nafasi ya kumtunza. Akilazwa kwa usaha wa shingoni, familia itapoteza ada, unga na dawa kwa mkupuo mmoja, na gharama itazidi mara nyingi ile ya kliniki.

Kwa hiyo apige simu leo. “Shikamoo mama. Jino limenivimba, mdomo haufunguki, naenda hospitali. Mwezi huu nitatuma nusu.” Asiombe radhi na asitoe maelezo ya ziada. Mchango wa harusi usubiri, maana harusi itafungwa hata bila mchango wake.

Anaogopa pia kwamba tajiri wake atamwona anadeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa yenye malipo, mradi awe na cheti cha daktari. Amwombe daktari cheti kabla hajatoka.

Si lazima gego ling’olewe. Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wa afya unawaelekeza madaktari wasiyaguse magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa. La kwake lina ugonjwa, hivyo huenda likasafishwa kwanza, uvimbe ushuke, kisha ipigwe eksirei kuona mizizi imekaa umbali gani na mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini hisia zake. Baada ya hapo aulize kila kitu anachotaka kujua, bei ikiwemo.

Likiishia kung’olewa, asisukutue kwa siku nzima ya kwanza, asivute kinywaji kwa mrija, ale uji uliopoa. Siku ya tatu au ya nne maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, huenda damu iliyoganda kwenye shimo imetoka na mfupa umebaki wazi. Hapo arudi kliniki siku hiyohiyo, hata kama tarehe aliyopangiwa haijafika na hata kama mshahara bado.