Chaja otomatiki ya betri: itumie bila kuua betri wala kujiumiza

Siku hizi simu ninazopigiwa si za kantangaze na mbolea peke yake. Nyingine ni za betri. Pikapu au trekta imekaa wiki tatu bila kuwashwa, siku ya kupeleka nyanya sokoni unageuza ufunguo, unasikia "tik, tik" basi. Nyanya zimeshavunwa na hazisubiri. Unakodi gari la mtu kwa bei ya dharura, faida inaishia njiani.

Wengi mmeshanunua chaja otomatiki, na ni uamuzi mzuri. Ila hilo neno "otomatiki" lisikulaze usingizi. Chaja inajua kupima betri na kupunguza umeme betri inapokaribia kujaa. Haijui kama chumba kina gesi, na haijui kama betri imepasuka. Hayo ni ya kwako.

KABLA HUJACHOMEKA

1. Soma maandishi ya betri. Pikapu na trekta nyingi ni volti 12. Malori kama Fuso hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa. Angalia pia aina: ya maji, AGM, jeli au lithiamu. Chagua aina hiyo hiyo kwenye chaja. Betri ya lithiamu ya sola usiichaji kwa chaja ya betri za maji, tafuta ya kwake.

2. Linganisha ukubwa. Kanuni rahisi: ampea za chaja ziwe kama asilimia 10 ya namba ya Ah iliyoandikwa kwenye betri. Betri ya Ah 70 inataka chaja ya ampea 7 hivi. Kama imebaki nusu, inadai Ah 35. Gawa kwa 7, unapata saa 5. Mwishoni chaja hupunguza kasi, kwa hiyo weka saa 6 hadi 8.

3. Kagua mwili wa betri. Imevimba, imepasuka au inavuja? Usiichaji kabisa.

4. Betri ya maji, fungua vizibo utazame. Kama sahani za ndani zinaonekana, ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi mpaka yazifunike tu. Kujaza hadi alama ya juu subiri ichajiwe kwanza, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na yatamwagika. Usiongeze asidi, na usitumie maji ya kisima, yana chumvi.

5. Chagua mahali. Betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Naona vijana wanachajia kwenye banda la vifaranga kwa sababu ndiko kwenye soketi, na humo humo kuna jiko la mkaa la kupasha joto. Ndugu yangu, hapo umeweka gesi na moto chumba kimoja. Chajia penye hewa inayopita, mbali na moto, sigara, petroli na pumba.

MPANGILIO WA KUFUNGA

Vaa miwani ya kazi na glavu, vua saa na pete. Zima gari, taa na redio. Kisha:

- Chaja iwe haijachomekwa ukutani.
- Bana kibanio chekundu kwenye chanya (+).
- Bana cheusi kwenye chuma cha injini au chesisi, mbali na betri na mipira ya mafuta. Kama betri umeitoa kwenye gari, bana kwenye hasi (-).
- Sasa chomeka ukutani, chagua aina ya betri, washa.

Kufungua ni kinyume: chomoa ukutani kwanza, toa cheusi, malizia chekundu. Sababu ni kwamba ukitoa kibanio umeme ukiwa unapita, cheche inaruka pale pale penye gesi.

CHAJA IKIGOMA

*Haiwaki kabisa.* Jaribu soketi kwa kifaa kingine, kisha angalia fyuzi. Waya uliokatika usiufunge kwa nailoni.

*Inaonyesha kosa mara unapobana.* Mara nyingi vibanio vimegeuzwa, au vichwa vya betri vina ule unga mweupe au wa kijani. Chomoa chaja, safisha vichwa kwa brashi na maji ya uvuguvugu, kausha, bana upya. Unga huo una asidi, usiupulize.

*Inasema hakuna betri wakati betri ipo.* Betri imeisha mno, na chaja nyingi haziianzi kuchaji betri ya namna hiyo. Kama chaja yako ina kitufe cha kufufua betri, fuata kitabu chake. Kama haina, mpelekee fundi wa umeme wa magari.

*Taa haibadiliki usiku kucha.* Gusa betri. Ikiwa ya moto sana au inanuka kama yai viza, zima ukutani, fungua milango, ondoka kwanza ipoe. Hiyo betri isirudi kwenye chaja. Ikiwa baridi tu, huenda chaja ni ndogo kwa betri hiyo, au kuna kitu kwenye gari kinakula umeme.

*Chaja inasema imejaa, kesho gari haliwaki.* Iache betri saa 12 baada ya kuchaji bila kuitumia, halafu pima kwa mita. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.2 ni kama nusu. Ikisimama kwenye 10.5 hivi, seli moja kati ya 6 imekufa. Usiendelee kulipia umeme, nunua nyingine. Ikiwa betri nzima lakini inaisha kila mara, pima injini ikiwa inaunguruma: kawaida usome kati ya 13.8 na 14.4. Ukisoma 12 na kitu, tatizo ni altaneta au mkanda wake.

ASIDI IKIKURUKIA

Ngozi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Jicho: lifungue, mwagia maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, usilisugue, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yametulia. Ndiyo maana ndoo ya maji ikae karibu kabla hujaanza.

La mwisho: mashine ambayo haitatumika msimu huu, chomoa waya wa hasi kwenye betri na uichaji mara moja kwa mwezi. Betri iliyoachwa tupu hujenga ugumu kwenye sahani na hairudi kuwa ilivyokuwa. Jumamosi moja kwa mwezi ni rahisi kuliko kukodi gari alfajiri ya soko.

Kazi njema shambani.