Sikukuu Bila Kuinamia Simu: Vidokezo 12 vya Kutembea na Kucheza Bukoba na Muleba

Ikifika katikati ya Desemba, mabasi yanayoingia Kagera hujaa wana wa nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha hadi Kampala. Siku ya kwanza ni kukumbatiana. Siku ya pili ni kula. Siku ya tatu kila mtu ana kochi lake na simu yake, watoto wa mjini hawajui waongee nini na binamu zao wa kijijini, na babu analazimika kutazama tamthilia asiyoielewa kwenye televisheni yake mwenyewe.

Dawa ipo, tena ya bei nafuu: tokeni, chezeni. Mnapochagua cha kufanya, fuateni kanuni moja tu: aliyebaki nyumbani ndiye awe bingwa, na aliyekuja likizo awe mwanafunzi. Hapo kila mtu atakuwa na la kusema.

1. Muulizeni mwenyeji kabla ya kukodi gari

Kosa la kawaida la wageni ni kufika na ratiba iliyopangwa kwenye kundi la WhatsApp huko Dar. Iacheni kidogo. Kaeni na wenyeji jioni ya kwanza, kila mmoja ataje jambo moja analolijua kuliko wote: binamu anayevua ziwani, shangazi anayejua majani yote ya porini, kijana wa bodaboda anayejua njia za mkato kutoka Kamachumu hadi Nshamba. Kila mmoja apewe siku yake au nusu siku. Usafiri usiwasumbue: wengi mkichangia gari moja la mchomoko, nauli haiumi mfuko wa mtu.

2. Iheshimuni mvua

Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini. Ziwa Victoria ndilo linaloipika: mara nyingi ngurumo huanza alfajiri, mvua ikamwagika asubuhi, kisha jua likatoka kana kwamba hapakuwa na lolote. Kwa hiyo msiahidiane kuondoka saa moja asubuhi. Wekeni saa nne au saa tano, na siku zote muwe na mchezo wa ndani wa akiba. Wanaotaka siku kavu za kutembea waje kati ya Juni na Agosti.

3. Mashindano ya kutambua migomba kibanjani

Huu hauhitaji nauli hata shilingi. Bibi au mjomba azunguke kibanja na kufunga vitambaa vyenye namba kwenye migomba kumi. Kisha timu ziingie, kila moja iandike jina la aina ya ndizi na kazi yake. Ipi ni nshakala ya kupika? Ipi ni embile ya kukamulia pombe? Gonja iko wapi, ile ya kuchoma? Kwa mtoto wa mjini yote ni migomba tu, na majibu yake yatawachekesha hadi majirani. Wa kijijini atatazama shina na majani, atajibu bila kusubiri mkungu. Mwamuzi ni bibi, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Wakati wakubwa wanabishana, wadogo wajifunze kufunga mpira wa majani makavu ya migomba. Mpira huo hauvunji kioo cha dirisha, na ukichanika malighafi imejaa pale pale.

4. Ufukweni: mchanga ni wa kuchezea, maji yana masharti

Mji wa Bukoba una bahati ya kuwa na ufukwe unaofikika kwa miguu. Bebeni mpira, kamba ya kuruka na makopo ya kombolela. Rede ni bora kuliko soka kwa familia, kwa sababu shangazi mwenye miaka hamsini aliyewahi kuwa hodari wa kukwepa bado ni hodari wa kukwepa, na vijana watashangaa.

Maji ni habari nyingine. Ziwa Victoria lina kichocho, na sehemu zake kadhaa zina mamba na viboko. Msiingie mahali kwa sababu tu panapendeza kwa picha. Waulizeni wavuvi, na wakisema hapafai, msitafute maoni ya pili. Kwenye matete na maji yaliyotulia pembeni, watoto wasikanyage kabisa.

5. Musira: maboya kwanza, picha baadaye

Kisiwa cha Musira kinaonekana wazi ukiwa ufukweni Bukoba, na wengi waliokulia mjini hawajawahi kufika huko. Ni safari ya nusu siku inayowafaa watu wazima na watoto waliokwisha kupata akili ya kutulia kwenye boti. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea, bila kusema “mimi najua kuogelea”. Ondokeni ziwa likiwa limetulia, na mkubaliane na nahodha saa ya kurudi kabla hamjapanda. Mkifika, kumbukeni kwamba mmeingia kijiji cha wavuvi chenye watu na shughuli zao. Salimieni, nunueni samaki, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Walioko Muleba wana visiwa vyao, Bumbire na Goziba vikiwa miongoni mwao. Hivyo ni vya kulala, si vya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, basi viachieni kundi la vijana lenye mwenyeji kule.

6. Katuruka: wapelekeni watoto wakaone wazee walivyoshinda

Katika kijiji cha Katuruka, upande wa Maruku, kuna eneo la historia ambalo kila mtoto wa Kagera angepaswa kulifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba hapo baada ya kuwasikiliza wazee, waliomwambia kwamba penye mti wa Kaiija palifuliwa chuma zamani sana. Udongo uliwaunga mkono: vilipatikana vishimo vya tanuri na mkaa wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ustadi wa wafua chuma hao wa kale. Eneo hilo pia linahusishwa na mfalme Rugomora Mahe, ambaye simulizi zake bado zinajulikana.

Geuzeni ziara iwe mchezo: kila mtoto aandae swali moja la kumuuliza mwenyeji wa eneo, na swali litakalowashinda baba na mama lipate pointi mbili. Pigeni simu au tumeni mtu mapema, msije mkakuta mwenye funguo yuko harusini.

7. Senene wakishuka, ratiba yote ivunjwe

Msimu mkubwa ni Novemba hadi Desemba, na kuna mdogo karibu na Aprili na Mei. Mjini hukamatwa usiku kwa taa kali na mabati, kijijini huokotwa alfajiri kwenye majani yenye umande. Hiyo ya alfajiri ndiyo ya familia: kila mtu na chombo chake, na mtoto mdogo kabisa ana faida kwa sababu yuko karibu na nyasi.

Mashindano halisi huanza mkirudi. Gawaneni mafungu sawa, kisha shindaneni kunyonyoa mabawa na miguu. Wakubwa wa mjini wenye kucha ndefu hushika mkia mapema. Zamani mila iliwataka wanawake wawakusanye na kuwaandaa, lakini kuwala ilikuwa haki ya wanaume. Siku hizi kila aliyenyonyoa anakula, na aliyekaa tu akitazama ndiye wa kusubiri mwisho.

8. Drafti na bao: sheria zisomwe kabla ya kete ya kwanza

Drafti ya mtaani inahitaji ubao wa nyumba 64 na vizibo 24 vya soda, kumi na viwili juu na kumi na viwili chini. Uzuri wake haujali shahada. Nshomile, yaani msomi, mwenye vyeti viwili ukutani atafungwa na mpwa anayeshinda kijiweni akisubiri abiria, na ukoo mzima utapata hadithi ya mwaka. Kubalianeni tu mapema: kula ni lazima au hiari? Kingi anatembea mbali au nyumba moja moja?

Bao linahitaji subira zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, azinamue kidogo kidogo. Ndugu wa kutoka Kampala atakuja na omweso wake: mashimo 32 vilevile, kete 64 vilevile, lakini zote zinaingia ubaoni tangu mwanzo na mbinu zinabadilika. Msigombane. Chezeni raundi moja kwa sheria za huku, moja kwa sheria za kule, na mzee mmoja awe refa.

9. Usiku wa hadithi, umeme ukiwapo au usiwepo

Hadithi za Kihaya haziendi kwa msikilizaji aliyelala. Mtambaji husema alikuja akaona, na waliokaa humjibu aone ili nao waone. Mtafiti Peter Seitel alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1980, na jibu hilo ndilo alilolifanya jina la kitabu chake. Wafundisheni watoto kiitikio kwa Kihaya cha kwenu, na kila asiyeitikia alipe faini ya kuimba.

Wenye bahati ya kumpata mpiga nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, mwalikeni. Tenzi za nanga ni hazina kiasi kwamba M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986.

Vitendawili viwe vya lala salama. “Kitendawili!” “Tega!” Anayeshindwa atoe mji, ila kwa sharti: miji ya Dar na Ulaya hairuhusiwi. Anayetaka jibu atoe Nshamba, Rubya, Kashozi au Kamachumu. Mkifika raundi ya kumi, watoto watakuwa wameijua ramani ya mkoa bila kufundishwa.

10. Chemsha bongo, nusu ya mkoa na nusu ya nyumbani

Nusu ya maswali iwe ya Kagera. Nani alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890? Emin Pasha. Mkoa uliitwaje kabla ya kuitwa Kagera? Ziwa Magharibi. Nani aliyekuwa kardinali mzalendo wa kwanza wa Afrika katika zama hizi, mwaka 1960? Laurean Rugambwa, ambaye sasa amezikwa katika kanisa kuu la Bukoba. Waingereza waliishambulia Bukoba kupitia ziwani mwezi gani mwaka 1915? Juni. Nani aliimba Maria Salome? Hilo la Saida Karoli wote watalipata, na pengine watacheza badala ya kujibu.

Nusu ya pili iwe ya ukoo: mgomba wa kwanza wa kibanja hiki ulitoka kwa nani? Babu alikutana wapi na bibi? Hapo ndipo wazee watapata pointi zao.

Yapo yasiyoulizwa. Kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tetemeko la 10 Septemba 2016 na ndege iliyoanguka ziwani 6 Novemba 2022 ni misiba ya watu, na huenda mmoja wao amekaa karibu yako.

11. Jiko nalo licheze

Usiku wa michezo unaowafungia mama na dada jikoni haujakamilika. Chagueni chakula kisichohitaji mlinzi: gonja za kuchoma, karanga, senene wakiwapo, chai ya tangawizi. Kahawa ya kutafuna ipitishwe kwanza kwa wazee, kama inavyopasa mgeni anapoingia nyumba ya Mhaya. Wa lubisi, pombe ya ndizi, wapewe kwa kiasi, na wasiwe ndio watakaoendesha gari au bodaboda usiku huo.

12. Zawadi ziwe za kuliwa, adhabu ziwe za kazi

Fedha huleta ugomvi, basi ziwekeni pembeni. Bingwa wa siku apewe mkungu wa ndizi aubebe kichwani mwenyewe hadi anakolala. Timu ya mwisho ikamenye ndizi za kesho, na Ta au Ma, yaani baba au mama mwenye nyumba, akague kama maganda hayakubeba nusu ya ndizi. Kabla hamjaagana, mtajeni mwandalizi wa Pasaka, naye awe mtu wa huku huku nyumbani. Wageni kazi yao itakuwa kuchangia nauli, kufika kwa wakati na kufanya mazoezi ya drafti, kwa maana waliowafunga mwaka huu hawatakuwa wamekaa bure.