Pampu inavuta samaki wangu

SWALI: Nina tangi la kioo la lita 60 hapa Kidichi, na samaki wadogo wa madimbwini. Asubuhi namkuta mmoja kaganda kwenye mdomo wa pampu. Nifanyeje?

JIBU: Kama ni wale Nothobranchius guentheri, wenyeji wa Unguja, hawakuumbiwa mkondo. Huishi kwenye madimbwi ya mvua yaliyotulia. Yakikauka wakubwa hufa, mayai hubaki hai matopeni yakingoja mvua.

Chomoa umeme kwanza, ndipo utie mkono majini. Chukua kipande kinene cha sponji yenye matundu makubwa, kitoboe katikati bila kupenya upande wa pili, kisha ukivike mdomo wa pampu. Maji yanayovutwa ni yale yale, ila sasa yanaingia kupitia eneo pana, kwa hiyo mvuto wa kila sehemu ni mdogo. Soksi ya nailoni haifai, huziba upesi na pampu ikapata moto. Sponji ikamue kila wiki ndani ya ndoo ya maji ya tangi, si ya mfereji. Yakiwa na klorini yataua bakteria wanaosafisha maji.

Kama pampu yako ni ya lita 600 kwa saa, huzungusha tangi lako mara 10 kila saa. Ni nyingi mno. Mimi ningeiuza, ninunue pampu ya hewa na kichujio cha sponji.

Ila samaki mzima kwa kawaida hujinasua. Anayenaswa mara nyingi alikwisha dhoofu, au ni mzee. Hawa mwaka ni umri mkubwa. Pima amonia, na leo hii badilisha robo ya maji.